UKURASA WA MABIBI: Vitambaa vya Vinundu vya Rangi

Bibi mmoja wa Kiganjo, ile Kiganjo ya Thika, wala si ile ya Nyeri yenye chuo cha polisi, ametuletea barua ndefu, na ndani ya bahasha ametia vipande viwili vya kitambaa cha kroshia ili tuvitazame kwa macho yetu. Asema kwamba ameagizwa kufuma seti nzima ya vitambaa vya makochi kwa ajili ya nyumba ya bibi arusi. Amekwisha pokea nusu ya fedha, na fedha hiyo amekwisha ilipa karo ya mtoto wake. Mwenye kuagiza hataki vitambaa vilivyo bapa. Ameona mahali fulani vitambaa vyenye vinundu vya rangi nyingi, vilivyoinuka kama punje za mahindi juu ya gunzi, naye ataka vya namna hiyo hiyo.

Bibi wetu hajapata kufuma vinundu maisha yake. Amejaribu kwa kutazama picha zinazokwenda katika simu ya binti yake. Kipande cha kwanza kimetoka kipana chini na chembamba juu, kama hema. Katika kipande cha pili vinundu vimetokea, lakini vimetazama nyuma, hata mtu akikitandika kitambaa hicho havionekani kabisa. Yamesalia majuma sita. Atuuliza kosa li wapi, nyuzi kiasi gani zitamtosha, na kama bei aliyokubali ni bei ya haki.

Twamjibu hapa mbele ya wote, kwa kuwa twajua kwamba wako mabibi wengi, tangu Ruiru mpaka Makongeni, wenye shida iyo hiyo. Katika nyumba nyingi za Kenya kochi bila kitambaa ni kama kochi lililo uchi. Vijana wa siku hizi huvicheka vitambaa vya mama zao, na baadhi yao husema kwamba ni mambo ya kale. Lakini siku watakapopanga nyumba zao wenyewe, mama huja na mfuko, na ndani ya mfuko mna nini? Wanunuzi bado wapo.

Kazi yenyewe si ya asili katika nchi yetu, ingawa mikono ya kuifanya ilikuwapo. Wanawake wa Kiambu na Murang'a walisokota nyuzi za magome ya miti mapajani, wakafuma viondo, tena wakazitia nyuzi rangi kabla ya kuzifuma ili kiondo kiwe na mistari. Kroshia ililetwa na misheni, kisha ikaenea kwa vilabu vya wanawake. Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 1952, chini ya idara ya serikali ya wakoloni, vilabu vyake vilifundisha kushona, kufuma, kupika na usafi wa nyumba. Isisahauliwe kwamba hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na kwamba tangu mwaka 1954 jamaa nyingi za Wakikuyu zilihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vya kulindwa. Hivyo si kila mama aliyeketi katika klabu alikuja kwa kupenda sindano. Walakini ufundi ulibaki mikononi, na mama akamfundisha binti.

Jambo jingine yafaa mlijue kabla hatujashika sindano. Mashine za kufuma sweta zipo tele, lakini kroshia ya kweli haijapata mashine ya kuifanya; vitu vinavyouzwa madukani vikifanana nayo, kama vimetoka kiwandani, ni vya ufumaji mwingine ulioigwa. Ndiyo sababu huko Ireland, katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, masista waliwafundisha wanawake na wasichana kroshia, na jamaa nyingi zikapata chakula kwa kazi hiyo. Kila kipande cha kroshia duniani kimepita katika vidole vya mtu. Tutalirudia neno hili tutakapofika kwenye bei.

Sasa tuje kwenye kazi. Uzi wa akriliki, ule wa unene wa kadiri ambao watu hufumia sweta za watoto wa shule, wafaa sana, na kwa watu wa Kiganjo haupatikani mbali; pale Ruiru kipo kiwanda cha Spinners & Spinners, ambacho kazi yake ni nyuzi na mablanketi. Chagua rangi moja ya uwanja, tuseme nyeupe, na rangi tatu za vinundu, tuseme nyekundu, manjano na kijani. Zaidi ya tatu hatukushauri. Sindano iwe ya milimita 4.

Mishono ya kujua ni mitatu tu. Wa kwanza ni mnyororo, ambao kila mwanafunzi huanza nao. Wa pili ni mshono mfupi: watia sindano katika tundu, wavuta uzi, una vitanzi viwili, wazungusha uzi juu ya sindano na kuupitisha katika vyote viwili. Wa tatu ni mshono mrefu, ambao wazungusha uzi juu ya sindano kwanza kabla ya kuitia katika tundu, kisha wavipitia vitanzi viwili viwili mara mbili. Hapa ndipo wanaojifunza kwa simu wanapopotea, maana Waingereza na Waamerika hawakupatana juu ya majina. Mshono ambao Mwamerika huuita double crochet, Mwingereza huuita treble. Na ule ambao Mwingereza huuita double crochet, kwa Mwamerika ni single crochet. Mtu asiyejua hayo hufuata maneno ya mmoja kwa mikono ya mwingine, na kazi humtoka fupi au ndefu kupita kiasi. Kwa hiyo mtazame mwalimu wako wa simuni ni wa nchi gani kabla ya kumwamini.

Kinundu chenyewe ni mishono mirefu mitano isiyomalizwa, yote katika tundu moja. Zungusha uzi, tia sindano, vuta uzi, zungusha tena na kupita katika vitanzi viwili tu, acha hapo. Fanya vivyo hivyo katika tundu lile lile mpaka iwe mara tano. Sasa vitanzi sita viko juu ya sindano. Zungusha uzi na kuupitisha katika vyote sita kwa mara moja, kisha fuma mshono mfupi katika tundu linalofuata na kuukaza vizuri. Mshono huo mfupi ndio unaokikunja kinundu kikajitokeza. Ukiulegeza, kinundu hulala kama godoro lililonyeshewa.

Basi fuma minyororo 24. Anza katika mnyororo wa pili kutoka sindano, ukafume mishono mifupi mpaka mwisho. Uhesabu, iwe 23. Huo ni mstari wa kwanza, na upande unaoutazama ndio uso wa kitambaa. Ulipofika mshono wa mwisho, usiumalize kwa uzi mweupe. Mvuto wa mwisho ufanye kwa uzi mwekundu, na hivyo rangi itabadilika safi. Fuma mnyororo mmoja, geuza kazi.

Mstari wa pili unaufuma huku nyuma ya kitambaa ikikutazama: mishono mifupi mitatu, kinundu, mitatu, kinundu, hivyo hivyo mpaka mwisho, nao umalizike kwa mitatu. Utapata vinundu vitano. Vitakuwa vinasukumwa mbali nawe, upande wa pili, na hapo usiogope, maana upande wa pili ndio uso. Mstari wa tatu, kwa uzi mwekundu bado, ni mishono mifupi mitupu, mmoja juu ya kila mshono na mmoja juu ya kila kinundu. Hesabu tena, 23. Mstari wa nne na wa tano ni wa nyeupe, mishono mifupi mitupu. Mstari wa sita, kwa manjano, ni wa vinundu tena, lakini sasa vipishane na vile vya kwanza: mshono mfupi mmoja, kinundu, kisha mitatu na kinundu mara tano, na mmoja wa mwisho. Hapo vinundu ni sita. Wa saba ni mitupu ya manjano, wa nane na wa tisa nyeupe, na wa kumi ni wa vinundu vya kijani, vitano kama vile vya mstari wa pili.

Mtu atauliza, kwa nini kila rangi ipewe mistari miwili, wala si mmoja? Kwa sababu ukifuma mstari mmoja tu wa nyekundu, utamaliza upande wa kulia, na uzi mweupe umeuacha upande wa kushoto; itakubidi kuukata kila mara, na mwishoni utakuwa na mikia ya nyuzi kama ndevu za mbuzi. Kwa mistari miwili warudi palepale ulipouacha uzi mweupe ukikungojea. Waupandisha ukingoni bila kuukaza, na kazi yaendelea. Zile rangi za vinundu, ambazo hukawia kurudi, zikate na kuacha mkia wa shibiri moja ili upate kuuficha kwa sindano ya kushonea.

Ukitaka kitambaa kipana zaidi, chukua hesabu yoyote inayogawanyika kwa nne, kisha ongeza tatu: 43, 63, 83. Minyororo ya kuanzia iwe zaidi kwa mmoja. Pima kipande chako cha mishono 23 kwa rula. Kikiwa na sentimita 14, basi mishono 63 itakupa kama sentimita 38.

Bibi wa Kiganjo, tumevitazama vipande vyako. Kile chenye umbo la hema tumekihesabu: chini mna mishono 31, juu mna 22. Wewe hukuharibu vinundu hata kimoja. Ulichokosa ni mshono wa mwisho wa mstari, ambao hujificha ukingoni, hasa baada ya kugeuza, na kila ulipouruka kitambaa kilipungua. Tia uzi mdogo wa rangi nyingine, au pini, katika mshono wa kwanza na wa mwisho wa kila mstari, uwe ukiuhamisha kadiri unavyopanda. Kipande cha pili hakina kosa la hesabu. Ulifuma vinundu huku uso ukikutazama, navyo vikaenda nyuma. Kigeuze tu, na nyuma yake ndiyo iwe uso! Kitafaa kwa meza ndogo ya nyumbani kwako, lakini usikitie katika seti, maana rangi zake hazipishani sawa na vile utakavyofuma sasa. Kile cha kwanza kifumue chote, uzi ukaufanye shada, uuloweshe na kuuanika ili mikunjo itoke, kisha uutumie tena.

Hata hivyo twakuomba usianze seti bado. Fikiri kwanza vinundu vitakaa wapi. Mtu aketipo huegemeza mgongo na kichwa, na vinundu mia mbili mgongoni ni adhabu. Mkono wa kochi ndipo wageni huweka kikombe cha chai. Kikombe juu ya vinundu huyumba, na chai huishia juu ya zulia la bibi arusi. Hali kadhalika meza. Tumeona katika nyumba za watu vitambaa vya fahari vilivyofumwa vinundu toka mwanzo hata mwisho, na mwenye nyumba huviondoa wageni wanapokaribia, akavirudisha wakiondoka. Sasa ni vya kazi gani?

Kwa maoni yetu vinundu viwe kwenye pindo tu, pale kitambaa kinaponing'inia. Kwa cha mkono, mistari mitatu ya vinundu mwanzoni, mitatu mwishoni, na katikati mishono mifupi mitupu kwa uzi mweupe. Kwa cha mgongo, pindo la chini peke yake. Kitapendeza zaidi, kwa sababu jicho lapata mahali pa kupumzika, na tena kitakula uzi mchache. Kumbuka kwamba kila kinundu ni mishono mirefu mitano iliyosongwa mahali pa mmoja. Uzi huenda mbio kuliko unavyodhani, nayo saa vilevile. Lakini mwenye mali ni yule aliyeagiza. Fuma vipande viwili vidogo, kimoja cha vinundu vitupu na kimoja cha pindo, umpelekee, uweke kikombe juu ya kila kimoja mbele ya macho yake, akachague mwenyewe. Afanye hivyo kabla hujafuma kitambaa cha pili, wala si siku ya kupokea seti.

Juu ya nyuzi, usimwulize mwenye duka, maana yeye atakuambia ununue nyingi. Pima. Ukiisha kufuma kitambaa kimoja cha mkono, kipeleke kwenye mizani ndogo ya jikoni au ya dukani. Tuseme kina gramu 45. Seti ya viti vya watu 7, yaani kochi la watatu, la wawili na viti viwili vya mmoja mmoja, ina mikono 8. Hivyo mikono peke yake itataka gramu 360. Fanya hivyo hivyo kwa cha mgongo, kisha ujumlishe, ukaongeze kidogo kwa ajili ya mikia. Nunua uzi wote mweupe siku moja na uangalie namba ya rangi iliyoandikwa katika karatasi ya kila donge, iwe moja. Nyeupe ya leo na nyeupe ya mwezi ujao hazifanani, na tofauti huonekana vitambaa vikilala pamoja.

Sasa bei. Umetuambia bei uliyokubali, nasi hatutaitangaza. Twasema tu kwamba inalipa uzi na nauli, na baada ya hapo hakibaki kitu cha kuitwa mshahara. Hesabu saa zako kama unavyohesabu mishono. Ikiwa kitambaa cha mkono chakuchukua saa 5, vinane ni saa 40. Ikiwa cha mgongo ni saa 12, vinne ni saa 48. Jumla ni saa 88. Kwa majuma sita, ukifuma saa 3 kila siku isipokuwa Jumapili, una saa 108, hivyo kazi itamalizika na utabaki na nafasi ya kupumua mtoto akiugua au maji yakikatika. Lakini jiulize, fedha iliyobaki ukiondoa uzi, ukiigawanya kwa saa 88, ni shilingi ngapi kwa saa? Mwanamke anayekwenda kufua nguo za watu mjini hulipwa siku hiyo hiyo. Wengi hujitetea wakisema, nafuma nikiwa nimeketi tu, nikiongea na wenzangu. Fundi wa viatu naye huketi, na hakuna anayemtaka apunguze bei kwa sababu ya kiti.

Kwa seti hii umekwisha toa neno lako na fedha umekwisha itumia, basi timiza. Ila kama aliyeagiza akichagua vinundu vitupu kila mahali, hayo si mapatano yale ya kwanza, nawe una haki ya kumwambia kwa adabu kwamba uzi na siku vimeongezeka, akaongeze fedha. Seti inayofuata, andika mapatano katika karatasi: vitambaa vingapi, rangi gani, vinundu wapi, malipo ya kwanza kiasi gani, na mwisho wake lini. Ingawa fedha hupita katika simu na ujumbe wake hubaki, ujumbe huo hausemi vinundu vikae wapi.

Ukimaliza kila kitambaa, kizungushie kwa uzi mweupe mishono mifupi pande zote, mmoja katika ncha ya kila mstari, na mitatu katika kila pembe ili pembe isijikunje. Mzunguko huo utauficha uzi uliopandishwa ukingoni. Kabla ya kukabidhi, jaribu rangi: lowesha kipande cha uzi mwekundu, ukikandamize juu ya kitambaa cheupe kwa muda, ikiwa rangi yatoka, uzi huo usiufume kando ya nyeupe.

Mwambie pia bibi arusi namna ya kuvitunza. Udongo wa Thika ni mwekundu, na vumbi lake litapenda ule uwanja mweupe. Avifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, asivikamue kwa kuvisokota, avitandaze kivulini juu ya taulo. Akivitundika kambani vikiwa vimejaa maji vitavutika na kuwa virefu. Na pasi asiitie kabisa. Akriliki ikiguswa na pasi ya moto hulegea, haisimami tena, na kazi yako ya majuma sita itakuwa bapa kwa dakika moja.

Bibi wa Ruiru aliyeuliza juu ya kofia ya mtoto mchanga isiyobana masikio atajibiwa juma lijalo.